Kichakataji cha Pili na Hitilafu Zilizojificha: Historia ya Uchunguzi wa Seva Zinazozimika Ghafla, 1962–2011

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya tatizo ambalo limewasumbua wasimamizi wa mifumo ya kompyuta kwa miongo kadhaa: seva iliyofanya kazi kwa utulivu ikiwa na kichakataji kimoja huanza kukwama na kuzimika baada ya kuongezewa cha pili. Makala yanafuatilia maendeleo ya kompyuta zenye vichakataji vingi tangu mwaka 1962 hadi 2011, na kubainisha aina mbili za sababu. Aina ya kwanza ni kasoro za maunzi zinazoletwa na kifaa kipya. Aina ya pili ni kasoro za programu zilizokuwepo tangu awali, ambazo hazikuwa na nafasi ya kujitokeza wakati kazi zote zilipopita katika mlango mmoja. Hoja kuu ni kwamba seva kutulia baada ya kichakataji cha pili kuondolewa hakuthibitishi kuwa kichakataji hicho ni kibovu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa taasisi zinazonunua na kusimamia seva za huduma za umma.

Maneno Muhimu: kichakataji, seva, kufuli, mgongano wa zamu, uchunguzi wa hitilafu

1.0 Utangulizi

Kila taasisi yenye seva hufika siku ambayo mzigo unazidi uwezo. Watumiaji wanaongezeka, majibu yanachelewa, na uamuzi unaochukuliwa ni kuongeza kichakataji, yaani prosesa, katika nafasi iliyoachwa wazi kwenye ubao mama. Kazi yenyewe hufanyika kwa saa chache. Baada ya siku kadhaa seva inazimika usiku bila sababu inayojulikana. Inawashwa, inafanya kazi kwa siku tatu, kisha inazimika tena. Fundi anaondoa kichakataji kipya na seva inatulia. Taarifa inaandikwa kwamba kifaa kilikuwa kibovu, kinarudishwa kwa muuzaji, na kingine kinaletwa. Nacho kinafanya yaleyale.

Mkasa wa namna hii umejirudia katika nchi nyingi na kwa mashine za watengenezaji tofauti, kiasi kwamba hauwezi kuelezwa kwa ubovu wa kifaa kimoja. Unahitaji maelezo ya kihistoria. Kwa muda mrefu programu nyingi ziliandikwa na watu walioamini, mara nyingi bila kutamka, kwamba katika kompyuta jambo moja tu hutendeka kwa wakati mmoja. Imani hiyo ilikuwa sahihi kwa mashine walizokuwa nazo. Kichakataji cha pili kiliifanya isiwe sahihi.

Katika makala haya, neno *maunzi* linatumika kwa sehemu za kompyuta zinazoshikika, na *kiini* kwa sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu na muda wa kichakataji. *Kiendeshi* ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa fulani, kama vile diski au kadi ya mtandao. Hitilafu inayotokea pale shughuli mbili zinapoigusa data moja bila kupangiwa nani atangulie inaitwa hapa *mgongano wa zamu*.

2.0 Zamu na Kufuli: Misingi ya Nadharia, 1962–1979

Wazo la kuunganisha vichakataji kadhaa kwenye kumbukumbu moja ni la zamani kuliko inavyodhaniwa. Kompyuta ya Burroughs D825 ya mwaka 1962, iliyotengenezwa Marekani kwa matumizi ya kijeshi, iliweza kubeba vichakataji hadi vinne. Lengo halikuwa kasi pekee. Mfumo wa ulinzi haukupaswa kusimama kwa sababu sehemu moja imeharibika, hivyo kichakataji cha pili kilitazamwa pia kama bima.

Bima hiyo ilileta swali jipya. Ikiwa wawili wanatumia daftari moja, nani anaandika kwanza? Mfano wa makarani wa chama cha akiba unaweza kusaidia. Mwanachama ana shilingi 10,000. Karani wa kwanza anapokea amana ya 3,000, na karani wa pili, kwa wakati uleule, anapokea 2,000 za mwanachama huyohuyo kutoka kwa ndugu yake. Wote wawili wanasoma salio la 10,000. Wa kwanza anajumlisha na kuandika 13,000, wa pili anajumlisha na kuandika 12,000 juu yake. Salio lilipaswa kuwa 15,000. Hakuna karani aliyekosea hesabu, na hakuna kalamu iliyoharibika. Kosa limo katika kukosekana kwa utaratibu wa zamu.

Mwaka 1965 mwanasayansi wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alichapisha suluhisho la tatizo hili katika makala fupi kuhusu udhibiti wa programu zinazoendeshwa kwa pamoja. Katika kipindi hichohicho alibuni semafo, chombo cha kiprogramu kilichopewa jina la ishara za reli zinazozuia treni mbili kuingia katika kipande kimoja cha njia. Watengenezaji wa maunzi nao walitoa msaada wao. Familia ya IBM System/360, iliyotangazwa mwaka 1964, ilikuwa na amri iliyoweza kupima na kuweka alama katika kumbukumbu kwa tendo moja lisilogawanyika. Bila amri ya aina hiyo, kujenga kufuli la kuaminika kati ya vichakataji viwili ni kazi ngumu sana.

Mwaka 1979 Leslie Lamport aliongeza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Alionesha kwamba hata programu iliyoandikwa kwa mpangilio sahihi inaweza kutoa matokeo yasiyo sahihi, iwapo vichakataji haviyaoni maandishi ya kumbukumbu kwa utaratibu mmoja. Kwa maneno mengine, haitoshi kila kichakataji kuwa kizima kikiwa peke yake. Uzima wa kila kimoja hauleti uzima wa jumuiya yao. Kufikia mwisho wa muongo huo, basi, misingi ya nadharia ilikuwa imekamilika kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, ilibaki mikononi mwa watafiti na wajenzi wa mashine kubwa za gharama kubwa.

3.0 Kichakataji cha Pili Chafika Ofisini, 1993–1999

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa Windows NT, mfumo endeshi uliosanifiwa tangu mwanzo kutumia zaidi ya kichakataji kimoja. Mwaka 1994 Intel ilileta vichakataji vya Pentium vyenye kidhibiti cha makatizo ndani yake kilichorahisisha kuviunganisha viwili, na mwaka huohuo ilichapisha viwango vya namna ya kujenga kompyuta za aina hiyo. Toleo la 1.4 la viwango hivyo lilitoka baadaye. Mwezi Juni 1996 Linux 2.0 ilitoka ikiwa na uwezo wa kutumia vichakataji vingi, kazi ambayo mchango wake mkubwa ulitoka kwa Mwingereza Alan Cox. Kwa mara ya kwanza, ofisi ya kawaida au idara ya chuo kikuu iliweza kununua ubao mama wenye nafasi mbili, kujaza moja, na kuiacha ya pili kwa ajili ya siku za baadaye.

Mpango huo wa kununua nusu leo na nusu kesho ndio uliozaa tatizo linalochunguzwa hapa. Windows NT ilikuwa na matoleo mawili ya kiini, moja la kichakataji kimoja na jingine la vingi, pamoja na tabaka la programu lililoficha tofauti za maunzi. Matoleo hayo yalichaguliwa wakati wa kusimika mfumo. Seva iliyosimikwa ikiwa na kichakataji kimoja ilipata kiini cha kimoja, na kuongeza cha pili kulihitaji faili hizo zibadilishwe kwa ulinganifu. Zisipolingana, mfumo ungeweza kushindwa kuwaka. Asubuhi ya kwanza ya matatizo mara nyingi ilianzia hapo.

Jambo la maana zaidi lilikuwa ndani ya viini hivyo viwili. Katika kiini cha kichakataji kimoja, kufuli linalomfanya mwingine asubiri halina maana, kwa sababu hakuna mwingine. Kwa hiyo wasanifu waliliondoa ili kuokoa muda. Katika Linux, kufuli la kusubiri kwa kuzunguka lilitoweka karibu lote wakati wa kutafsiri msimbo kwa ajili ya kichakataji kimoja. Katika Windows NT, ombi la kufuli hilo lilipandisha tu daraja la kipaumbele ili kazi nyingine zisiingilie kati. Matokeo yake ni kwamba kiendeshi chenye makufuli yaliyowekwa mahali pasipofaa, au kisicho na kufuli kabisa, kingeweza kufanya kazi kwa miaka katika seva yenye kichakataji kimoja bila kosa lolote kuonekana.

Kulikuwa pia na mazoea ya kuzuia makatizo. Mwandishi wa kiendeshi aliyetaka kulinda sehemu nyeti ya msimbo wake alitoa amri ya kuyazuia kwa muda mfupi. Kwa kurejea mfano wa makarani, hii ni sawa na karani kuweka kibao mezani pake kinachosema asisumbuliwe. Akiwa peke yake ofisini, kibao kinatosha kulilinda daftari. Anapoajiriwa wa pili, kibao kilicho juu ya meza ya kwanza hakimzuii aliye kwenye meza ya pili kulifungua daftari lilelile.

Waandishi wa Linux 2.0 walilitambua hilo na wakachagua njia ya tahadhari. Waliweka kufuli moja kubwa lililoruhusu kichakataji kimoja tu kuwa ndani ya kiini kwa wakati mmoja. Usalama ulipatikana kwa kupoteza kasi, kwani seva yenye shughuli nyingi za diski na mtandao ilifaidika kidogo na kichakataji cha pili. Toleo la 2.2 la Januari 1999 lilianza kuligawa kufuli hilo kuwa madogo madogo. Kila mgawanyo uliongeza kasi, na kila mgawanyo ulifungua mlango ambao hitilafu ya zamani ingeweza kupitia.

4.0 Sababu za Maunzi

Si haki kuielekeza lawama yote kwenye programu. Kichakataji kipya huongeza mahitaji ya umeme na joto, na seva ambayo kifaa chake cha umeme kilitosha kwa shida hapo awali huweza kuzimika pale vyote viwili vinapofanya kazi kwa nguvu. Katika bao nyingi za seva za miaka ya 1990, kila kichakataji kilihitaji kirekebisha volteji chake. Katika bao za Pentium II zenye nafasi mbili, nafasi isiyo na kichakataji ilipaswa kuzibwa kwa kadi maalumu ili mawimbi ya umeme yasirudi nyuma na kuvuruga mawasiliano. Mtu aliyeongeza kichakataji aliiondoa kadi hiyo. Aliyekiondoa kichakataji kwa ajili ya jaribio na kusahau kuirudisha kadi aliuharibu ushahidi wake mwenyewe.

Vichakataji viwili vyenye jina na kasi moja huweza pia kuwa vya matoleo tofauti ya kiwanda. Intel ilichapisha majedwali yaliyoonesha ni matoleo yapi yanaweza kuchanganywa. Windows ina ujumbe wake wa kusimama, wenye namba 0x3E, kwa ajili ya hali ambayo vichakataji havifanani vya kutosha. Kwa taasisi iliyonunua cha pili miaka miwili baada ya cha kwanza, tofauti hiyo ilikuwa jambo la kutarajiwa.

Tangu AMD ilipoleta Opteron mwaka 2003 na kuhamishia kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya kichakataji, suala lingine liliongezeka. Nafasi za kumbukumbu zilizo karibu na kichakataji cha pili hazifanyi kazi mpaka kichakataji hicho kiwepo. Anayekiongeza mara nyingi huongeza kumbukumbu pia, na huenda mojawapo ya vipande vya kumbukumbu ndiyo yenye kasoro. Hapo kuna mabadiliko mawili yaliyofanywa kwa siku moja, na kichakataji hubeba lawama kwa sababu ndicho kilichoandikwa kwenye ankara.

5.0 Thamani ya Ushahidi wa Kuondoa

Njia ya kale ya fundi ni kurudisha kila kitu kilivyokuwa na kuangalia kama tatizo linaondoka. Ni njia nzuri kwa taa, pampu na injini. Kwa kichakataji cha pili, ina udhaifu wa kimantiki. Kukiondoa kunabadilisha mambo matatu kwa pamoja: kunaondoa kifaa chenyewe, kunapunguza umeme na joto, na kunairudisha seva katika hali ambamo shughuli mbili haziwezi kwenda sambamba. Matokeo mamoja ya utulivu yanaafikiana na maelezo yote matatu.

Jim Gray wa kampuni ya Tandem alilipa suala hili sura ya kitaalamu katika ripoti yake ya mwaka 1985 kuhusu kwa nini kompyuta husimama. Tandem ilikuwa ikitengeneza mashine zenye vichakataji vingi kwa ajili ya benki na huduma zisizopaswa kukatika, hivyo ilikuwa na kumbukumbu nyingi za matukio. Gray alieleza kwamba takriban theluthi moja ya matukio hayo ilihusiana na bidhaa mpya zilizokuwa bado zinasafishwa makosa. Baada ya kuziweka kando, usimamizi wa mfumo, ikiwemo matengenezo na usanidi, ulisababisha asilimia 42 ya yaliyobaki, programu asilimia 25, na maunzi asilimia 18. Kwa hiyo, mahali ambapo mkono wa fundi hukimbilia kwanza palikuwa pa tatu.

Gray alieneza pia tofauti kati ya makosa yanayojirudia kila mara mazingira yakifanana, na yale yanayopotea mtu anapoanza kuyachunguza. Aina hii ya pili ilipewa jina linalotokana na mwanafizikia Werner Heisenberg. Katika kumbukumbu za programu moja alizozitaja, kati ya makosa 132 ni moja tu lililokuwa la aina inayojirudia. Migongano ya zamu huingia katika kundi hilo linalopotea. Kuongeza mstari wa kuandika kumbukumbu ili kulifuatilia kosa huchelewesha shughuli moja kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kosa halitokei tena hadi mstari huo uondolewe.

Kutokana na uzoefu huo, mbinu makini zaidi zilijengeka. Ya kwanza ni kukiacha kichakataji cha pili mahali pake na kuuamuru mfumo usikitumie, jambo ambalo Linux huliwezesha kwa maelekezo mafupi wakati wa kuwaka. Seva ikiendelea kuzimika hata hapo, shaka juu ya maunzi inapata nguvu. Ikitulia, shaka juu ya programu inaongezeka, ingawa joto na umeme bado havijaondolewa lawamani, kwa kuwa kichakataji kisichofanya kazi hutumia umeme kidogo. Ya pili ni kuvibadilishana nafasi vichakataji viwili: tatizo likihama pamoja na kifaa, kifaa kina kasoro, likibaki penye nafasi ileile, ubao una kasoro, lisipofuata chochote, programu ichunguzwe. Ya tatu ni kuendesha kichakataji kipya peke yake chini ya mzigo mzito. Ya nne ni kuzuia viendeshi vya wahusika wa nje kimoja baada ya kingine. Hakuna hata moja inayotosha ikiwa peke yake. Zikipangwa kwa mfuatano, kila moja huzuia tafsiri ambayo nyingine iliiacha wazi.

6.0 Gharama ya Kosa Kutotambuliwa

Mikasa miwili ya kumbukumbu ya umma inaonesha uzito wa suala hili, ingawa hakuna hata mmoja uliotokana na kuongezwa kwa kichakataji. Yote miwili ilitokana na mgongano wa zamu, na katika yote miwili tiba ya haraka ilidhaniwa kuwa uponaji.

Wa kwanza ni wa Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine hizo ziliwapiga wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi iliyopita kipimo kwa kiasi kikubwa, na baadhi yao walifariki. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, ulieleza kwamba baada ya ajali moja ya mwaka 1985 watengenezaji walishuku swichi ndogo. Walirekebisha sehemu hiyo, wakatangaza kwamba usalama umeongezeka kwa angalau mara 100,000. Ajali zikaendelea.

Ukweli ulianza kuonekana katika mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, baada ya ajali ya pili hospitalini hapo. Mwanafizikia wa hospitali aliisimamisha mashine, akaketi na mwendeshaji wake, wakarudia hatua zilizotangulia ajali mpaka ujumbe uleule wa kosa ulipotokea. Kilichohitajika ni kasi ya vidole. Mwendeshaji mzoefu alirekebisha maelezo kwenye skrini haraka, ndani ya sekunde 8 ambazo mashine ilizitumia kupanga sumaku zake, na sehemu moja ya programu haikupata habari kwamba maelezo yamebadilika. Mhandisi wa kampuni hakuweza kulizalisha kosa hilo hadi alipoambiwa aandike kwa haraka.

Kuna funzo lingine katika mkasa huo. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na kosa linalofanana katika programu yake. Haikuwajeruhi wagonjwa kwa njia hiyo kwa sababu ilikuwa na vizuizi vya maunzi vilivyokata umeme kabla ya madhara. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yao ikaachiwa programu. Muundo wa tukio ni uleule wa seva: kosa la zamani, ngao isiyotambuliwa, na mabadiliko yanayoiondoa ngao.

Mkasa wa pili ni wa tarehe 14 Agosti 2003, umeme ulipokatika kwa watu takriban milioni 50 kaskazini mashariki mwa Marekani na Ontario, Kanada. Miongoni mwa sababu ilikuwa kukwama kwa mfumo wa kengele katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya umeme ya FirstEnergy, Ohio. Kengele ziliacha kufanya kazi saa 8:14 mchana bila waendeshaji kujua. Seva kuu ilishindwa saa 8:41. Seva ya akiba ikapokea kazi pamoja na kosa lilelile, nayo ikashindwa saa 8:54. Saa 9:08 mafundi walikamilisha kuiwasha upya seva kuu na kuiona kazi imekwisha, bila kuwauliza waendeshaji kama kengele zimerejea. Zilikuwa hazijarejea. Uchunguzi wa baadaye uligundua mgongano wa zamu: shughuli mbili zilipata ruhusa ya kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Seva ya pili, iliyowekwa kama bima, haikukinga chochote, kwa kuwa ilibeba nakala ya kosa la ya kwanza.

7.0 Mwisho wa Uchaguzi, 2005–2011

Mwaka 2005 AMD na Intel zilianza kuuza kwa wingi vichakataji vyenye viini viwili vya kuchakata ndani ya kifaa kimoja, baada ya ongezeko la kasi ya saa za vichakataji kugonga ukuta wa joto. Tangu hapo taasisi haikuwa tena na uchaguzi wa kubaki na kichakataji kimoja. Programu za zamani zilikumbana na hali mpya hata mahali ambapo hakuna aliyefungua boksi la seva. Mojawapo ya matatizo yaliyojulikana sana lilihusu vihesabu vya mapigo ndani ya Athlon 64 X2: viini viwili vilihesabu muda kwa kutofautiana, na programu zilizokuwa zikipima muda kwa kusoma kihesabu kimoja zilianza kwenda ovyo. AMD ilitoa programu ya marekebisho.

Zana za uchunguzi nazo zilikua. Windows 2000 ilikuja na kifaa cha kuvibana viendeshi ili vioneshe makosa yao mapema. Mwaka 2006 Linux 2.6.18 ilipata kikaguzi cha mpangilio wa makufuli kilichoandikwa na Ingo Molnar, ambacho kinaweza kuonya juu ya mkwamo unaowezekana kabla haujatokea kamwe. Kufuli kubwa la mwaka 1996 liliondolewa kabisa katika Linux 2.6.39 ya Mei 2011. Ilichukua miaka 15 kukagua kila mahali palipolitegemea. Muda huo ni kipimo kizuri cha kina ambacho dhana ya "jambo moja kwa wakati mmoja" ilikuwa imezama ndani ya programu.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonesha kwamba kichakataji cha pili huweza kuwa chanzo cha hitilafu, na huweza kuwa shahidi wake. Anayemwondoa shahidi anapata utulivu, lakini kosa linabaki likisubiri mzigo mkubwa zaidi, mashine mpya, au siku ya shughuli nyingi. Kwa Afrika Mashariki suala hili limevuka mipaka ya vyumba vya kompyuta. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, hata mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta hutegemea seva ili anunue chakula au amlipie mtoto ada. Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, mikataba ya kuongeza uwezo wa seva itenge muda na fedha za kuijaribu chini ya mzigo unaofanana na ule halisi, pamoja na mpango wa kurejea hali ya awali. Kazi isihesabiwe kukamilika siku kifaa kinapofungwa.

Pili, mabadiliko yafanywe moja moja. Kichakataji, kumbukumbu na toleo jipya la mfumo endeshi vikiingizwa usiku mmoja, taasisi inajinyima uwezo wa kujua kilichosababisha nini.

Tatu, ujumbe wa kusimama na picha ya kumbukumbu ya seva vihifadhiwe kabla ya kuwasha upya, na urejeaji wa huduma uthibitishwe na watumiaji wake. Mkasa wa Ohio unatosha kuwa hoja.

Nne, wanunuzi wawatake wauzaji wa programu na viendeshi kuthibitisha kwamba bidhaa zao zimejaribiwa katika mashine za vichakataji vingi vyenye idadi ileile itakayotumika.

Tano, fomu za Kiswahili za kuripoti hitilafu zitenganishe mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyaweka pamoja. Neno *imeharibika* hutumika kwa kifaa kilichoungua na pia kwa programu iliyogongana na nyingine. La kwanza linahitaji kipuri, la pili linahitaji mwandishi wa msimbo. Fomu yenye neno moja kwa yote mawili itaagiza vipuri kila mara, na fundi wa mwisho kuigusa seva ataendelea kulaumiwa kwa kosa lililoandikwa miaka mingi kabla hajaajiriwa.